Maji ya Betri

Aliyeingia gereji ile na gari lenye turbo alipewa somo kwanza, huduma baadaye. Ndiyo maana wenzake walimwita Profesa, naye, kwa kuwa shule ilimshinda kidato cha pili, alilipenda jina hilo kupita kiasi. Ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake aliitika kwa kujivuta. Ukimwita Profesa aligeuka mzima mzima.

"Turbo ni pampu ya hewa," alianza, akifuta mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono yenyewe. "Inachota hewa, inaisokomeza kwenye injini. Umeshawahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono? Ukigusa pampu kule chini, si unaikuta ya moto? Basi, hewa ukiibana inapata joto. Na hewa ya moto imetawanyika, haina nguvu. Injini ikiimeza inaanza kugonga. Ndiyo tukawekewa intakula."

Hapo alichuchumaa na kuonyesha kwa bisibisi kile kidude cha alumini nyuma ya bampa, chenye mapezi membamba kama rejeta. Hewa ya moto hupita ndani yake, upepo wa barabarani hupita nje, joto likaondoka. Lakini ukipanda mlima kwa fujo, mwendo mdogo na mguu umezama kwenye mafuta, upepo hautoshi. Kwa hiyo Profesa alifunga tangi dogo kwenye buti, pampu ya kuoshea kioo, mpira mwembamba hadi mbele, na nozeli mbili za kutoa ukungu. Dereva akibonyeza swichi, intakula inaloweshwa.

"Maji hayaingii kwenye injini! Sikilizeni vizuri, msije mkanitangaza vibaya. Yanalowesha nje tu. Yakikuta joto yanaruka kuwa mvuke, na yakiruka yanaondoka na joto. Wewe ukitoka kuoga ukasimama kwenye upepo, si unatetemeka? Hiyo ndiyo kazi. Na si maji yoyote. Maji ya bomba yana chumvi, yakiruka yanaacha ukoko kwenye mapezi kama ule wa ndani ya birika."

Somo likifika hapo, sauti ya kizee ilitoka chumba cha nyuma.

"Na hiyo intakula yako, itakula nini?"

Gereji nzima ilicheka. Walishausikia utani huo mara mia, na mara ya mia na moja wangecheka tena, kwa sababu Mzee aliusema kwa uso mkavu kama anauliza bei ya msumari. Asiyecheka alikuwa Profesa peke yake. Mzee huyo alikuwa baba yake.

Walimwita Mzee wa Betri. Kwa miaka arobaini alikuwa amechaji betri, amezifungua, amezijaza, amezifufua zile ambazo wenyewe walikwisha kuzitupa. Chumba chake kilikuwa chembamba, dirisha la wavu, benchi limeliwa kingo, na chaja kuukuu inayonguruma kuanzia asubuhi. Mashati yake yote yalikuwa na matundu madogo madogo kifuani, alama ya kazi ile. Siku hizi betri huja zimezibwa kabisa, zikifa zimekufa, kwa hiyo kazi yake ilikuwa imepungua mno. Hata hivyo alikuja kila siku kabla ya wote, akafungua kwa ufunguo aliouning'iniza kiunoni kwa kamba ya kiatu.

Dada yake Profesa, aliyekuwa mkubwa wake na msimamizi wa stoo na kaunta, alikuwa ameanza kusema kwamba baba sasa apumzike. Alisema kwa mapenzi. Pia alihitaji mahali pa kuweka matairi. Mambo hayo mawili yalikuwa ya kweli kwa pamoja, kama inavyokuwa katika familia nyingi. Mzee alikuwa amemjibu mara moja tu: "Nikikaa nyumbani nitakuwa nani?" Dada akarudi kaunta, lakini hakusahau.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja daktari wa meno, mwembamba, mpole, ambaye mchana kutwa alinong'ona na vinywa vya watu, na Jumamosi akapanda mlima kwa gari la turbo kana kwamba anafukuzwa. Mashindano ya mlimani yalikuwa yanakaribia. Alileta gari lake lifungwe ukungu wa intakula, na Profesa akampa somo refu kuliko yote aliyowahi kutoa, maana Daktari alisikiliza bila kumkatiza.

Siku ya kulikabidhi, saa tisa alasiri, Profesa alikuwa amelala chini ya bampa akikata kipande cha chuma kwa mashine. Cheche zinaruka, mashine inalia, saa inakimbia. Alipoizima kidogo apumue, aliona viatu vya baba yake vikipita.

"Baba, nisaidie. Nijazie lile tangi la kwenye buti."

"Nijaze nini?"

"Maji ya betri."

Akawasha mashine tena. Viatu havikuondoka. Alisikia Mzee akiuliza kitu. Alisikia sauti ya kuuliza, maneno yenyewe yalimezwa na mashine. Akapaza sauti bila kuizima.

"Ndiyo, hayohayo!"

Mzee akauliza tena. Viatu vilikuwa vimesogea karibu na kichwa cha Profesa.

"Hayohayo, baba! Haya magari ya kisasa huyajui, kwani lazima kila kitu uulize?"

Viatu vilisimama kidogo. Kisha vikaondoka taratibu kuelekea chumba cha nyuma. Saa kumi Daktari alikuja, akabonyeza swichi, ukungu mzuri ukatoka mbele, watu wakapiga makofi, akaondoka.

Alirudi Jumatano. Gari lilikuwa linapiga mluzi kama mtu aliyepoteza meno, na halina nguvu hata ya kupanda kizingiti cha gereji. Rangi ya mbele ya boneti ilikuwa imevimba malengelenge. Daktari mwenyewe alikuwa anakohoa. Profesa alipofungua bampa, mapezi ya intakula yalikuwa meupe kama yamepakwa unga, na alipoyagusa kwa bisibisi yalibomoka. Kwenye kona moja palikuwa na tundu la kupitisha kidole.

"Usiguse kwa mkono," Daktari alisema. Akatoa kwenye mkoba wake magadi yaliyofungwa kwenye karatasi. "Nimetoka nayo nyumbani. Nilikuwa na wasiwasi tangu jana."

Akanyunyiza magadi juu ya mapezi. Povu likaumuka, likichemka kwa sauti ndogo, shhh, mbele ya macho ya watu wote.

"Hii ni tindikali," alisema. "Maji yenyewe yameruka, tindikali imebaki, kila siku inazidi kuwa kali. Kwenye tangi mmetia nini?"

"Loo! Intakula imeliwa," fundi rangi akasema, na mtu mmoja akacheka, kisha akajuta.

Hapo Profesa alielewa. Hakuelewa polepole, lilimjia lote kwa pamoja. Kwake yeye, na kwa kila dereva wa rika lake, maji ya betri ni yale maji safi yasiyo na chumvi, yanayouzwa kwenye chupa katika vituo vya mafuta, ya kuongezea betri iliyopungua. Lakini kwa baba yake, na kwa wale waliojifunza kazi pamoja naye, maji ya betri ni yale yanayoifanya betri iwe betri. Ni tindikali. Yale mengine kwao yaliitwa maji ya kuongezea, basi. Miaka kumi na moja wamefanya kazi chini ya paa moja, neno moja, vitu viwili, na hawakuwahi kugongana, kwa sababu mtoto hakuwahi kuwa na haja ya kuingia chumba cha baba yake.

Na Mzee alikuwa ameuliza. Mara mbili alikuwa ameuliza.

"Nani alijaza?" Dada yake alikuwa ametoka kaunta.

Tuseme ukweli: hapa palihitajika maneno matatu tu. Ni mimi, sikumsikiliza. Profesa aliyatafuta, akayaona, yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini mbele yake alisimama mteja aliyesikiliza somo lake lote kama mwanafunzi, na nyuma yake mafundi saba waliomwita Profesa.

"Mzee ndiye aliyejaza," alisema. Angeishia hapo angalau angekuwa hajadanganya. Hakuishia hapo. "Siku hizi macho yake, mnajua tena. Atakuwa amechanganya madumu."

Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Macho yake, ambayo yaliweza kusoma tarehe iliyofutika ubavuni mwa betri, yalimtazama mwanawe. Hayakumtazama kwa hasira. Yalingoja tu, kama mtu anavyomngojea mwenzake amalize sentensi. Sentensi haikuendelea.

"Ni mimi niliyetia," Mzee alisema.

Daktari alimsogelea akamshika mkono kwa heshima. "Pole, mzee wangu. Hii inatokea. Lakini ingempata mtu machoni, tungesema mengine. Pumzika sasa."

"Baba," Dada akasema kwa upole, akanyoosha kiganja.

Mzee alifungua kamba ya kiatu kiunoni. Fundo lilikuwa la siku nyingi, likamsumbua, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza aliweka ufunguo kwenye kiganja cha binti yake, akaingia ndani akazima chaja, akatoka akaenda zake nyumbani kwa miguu. Ndipo Profesa alipotambua jinsi chaja ile ilivyokuwa ikinguruma. Gereji ilikuwa kimya vibaya.

Aibu ya siku ya kwanza ni ya moto, unaweza kujidanganya kwamba ni homa. Alijiambia atasema kesho, watu wakitulia. Kesho matairi yaliingia chumba cha nyuma. Keshokutwa fundi rangi alibuni jina jipya, Mzee Tindikali, na alipolitamka watu waliangua kicheko, na Profesa, ambaye hakuwahi kucheka utani wa baba yake hata siku moja, alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe. Alikwenda nyuma ya gereji akasimama akitazama ukuta, akitamani mtu yeyote aje amzabe kofi.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Walikaa nyumba moja. Mzee hakununa, na hilo lilikuwa ndilo tatizo. Asubuhi aliamka saa ile ile, akavaa shati lake la matundu, akaketi sebuleni mikono imelala magotini, tayari kwa safari isiyokuwepo. Profesa alipopita kwenda kazini Mzee alimwambia, "Kazi njema, baba," kama alivyozoea kumwita tangu utotoni, na neno hilo lilimwingia Profesa kama mwiba. Akaanza kutokea mlango wa uani. Mtu mzima, mwenye mke na ndevu, ananyata nyumbani kwake mwenyewe akimkwepa mzee aliyeketi kwenye kiti.

Jumamosi mchana ilimshinda. Alimkuta baba yake chumbani, anashona kifungo. Akakaa chini sakafuni, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu alipokuwa mdogo.

"Baba, lile jambo la Daktari."

"Eeh."

"Ulifanya nilivyokuambia. Nilisema maji ya betri. Kosa ni langu, nami nimekutupia wewe mbele za watu. Nimekukosea sana. Nisamehe."

Mzee alipitisha uzi, akauvuta hadi mwisho.

"Unajua nilikuuliza nini?"

Profesa alitikisa kichwa.

"Nilikuuliza, haya yatakula alumini, una hakika? Ukanijibu hayohayo. Nikasema labda sikusikika. Nikasogea, nikauliza, haya haya makali? Ukaniambia magari ya kisasa siyajui." Akakata uzi kwa meno. "Ni kweli siyajui. Nikasema, huyu ndiye Profesa, labda chuma cha siku hizi kimetengenezwa kivingine. Nikatia."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe siku ile ile. Lakini mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwepo." Akamtazama sasa, usoni kabisa. "Kawaambie ambao hawakuwepo. Uwaambie vizuri, waelewe. Mimi nataka kurudi kazini."

Hakuwahi kumsikia baba yake akisema anataka kitu. Aliondoka chumbani, na usiku huo na Jumapili yote aliyapanga maneno yake, akayapangua, akayapanga tena.

Jumatatu Daktari alikuja kuchukua gari. Intakula nyingine ilikuwa imefungwa, tangi limeoshwa mara tatu, boneti imepigwa rangi. Walikuwepo wote: Dada, fundi rangi, mafundi wengine. Profesa hakutoa somo. Alisimama katikati, tambara mkononi, uso umemshuka.

"Nina neno," alisema. "Mzee hakuchanganya madumu. Macho yake hayana tatizo lolote. Mimi nilimwambia atie maji ya betri. Kwake yeye maji ya betri ni tindikali, ndivyo walivyojifunza. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika, nikamjibu ndiyo bila kumsikiliza, mashine inalia. Halafu mkauliza hapa nani alijaza, nikamtaja yeye. Kosa ni langu, la Mzee halimo."

Alingoja wamzomee. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, alilitamani hasa. Alijua fundi rangi atambatiza jina jipya kabla ya saa sita, naye ataliitikia.

Kisha akaona macho ya Daktari yamelowa.

"Unajua," Daktari alisema, "ni wachache siku hizi wanaoweza kubeba kosa la mzazi namna hii."

"Hapana, Daktari. Sibebi. Ni langu."

"Naelewa," alisema, akimpigapiga begani. "Naelewa sana. Nami nina baba."

"Sikilizeni! Aliniuliza! Nilikuwa nimelala hapa, viatu vyake vilikuwa hapa!" Akalala chini sakafuni kabisa, kwenye oili, kuwaonyesha. "Mashine ilikuwa inalia!"

"Inuka, ndugu yangu," fundi rangi akasema, akimshika mkono, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mzaha sautini mwake. "Tumekuelewa. Yale ya Mzee Tindikali nimeyaacha, naapa. Tumsitiri mzee wetu."

Hapo ndipo Profesa alipoona jinsi alivyojipalia makaa. Miaka kumi na moja alikuwa amewazoesha watu hawa kwamba yeye hakosei. Alikuwa amewafundisha vizuri. Hata yeye mwenyewe sasa hakuweza kuwafundisha kinyume. Kila alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kumwona mtoto mwema, na kadiri alivyokuwa mwema ndivyo baba yake alivyozidi kuwa kipofu.

Alimfuata dada yake kaunta. "Nipe ufunguo wa Baba."

"Wa nini?"

"Arudi kazini. Umesikia nilichosema."

"Nimesikia, na Mungu akubariki." Dada alimfuta oili shavuni kwa kidole gumba, kama mama. "Lakini tukimrudisha, siku akikosea tena na wewe hupo, nani atasimama aseme ulivyosema leo? Muache apumzike. Wewe umefanya sehemu yako."

"Dada, nilidanganya. Jumatano nilidanganya, leo ndiyo nasema kweli."

Dada yake alimtazama kwa huruma tele, akageuka kumhudumia mteja wa plagi. Nje, Daktari alipiga honi mara mbili ya kuaga. Mafundi walimpisha Profesa njia alipopita, mmoja akamvutia kiti. Hajawahi kuheshimiwa pale gereji kama alivyoheshimiwa siku ile.

Alirudi nyumbani mapema, kwa mlango wa mbele. Mzee alikuwa sebuleni amevaa shati la matundu, kifungo kimerudi mahali pake, nywele amechana. Alipomwona mwanawe alisimama.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, baba."

"Yote?"

"Yote. Mbele ya wote."

Mzee aliangalia mikono ya mwanawe, akitafuta kitu kidogo chenye kamba ya kiatu. Mikono ilikuwa mitupu. Akaangalia mifuko.

"Wakasemaje?"

Profesa alifungua mdomo, na aibu aliyokuwa nayo wiki nzima ikaonekana kuwa ilikuwa mazoezi tu.

"Wamenisifu, baba," alisema.